Fainali ya Lord's: kwenye daftari la Baba niandike nani ameshindwa?

MtotoWaNgara (Jumanne asubuhi)

Hamjambo wote. Nina swali juu ya fainali ya Kombe la Dunia la kriketi 2019, England na New Zealand pale Lord's, London, na si langu, ni la mzee wangu. Aliniuliza Jumapili saa tatu na nusu usiku, penseli mkononi, na mpaka leo sijampa jibu.

Niwaeleze kwanza yeye ni nani. Baba alitunza uwanja wa kriketi hapa Nairobi miaka mingi: kuvuta rola, kukata nyasi, kukimbia na turubai mvua ikianza. Kuandika skoa alifundishwa na mzee mmoja Mhindi wa pale klabuni, na tangu siku hiyo hakuna mechi anayoitazama bila daftari. Anatumia daftari la hesabu la miraba, lile la watoto wa shule, na mistari anapiga mwenyewe kwa rula usiku wa kuamkia mechi. Nukta ni mpira uliopita bila kitu. W ni wiketi, yaani mpigaji ametolewa. Na mwisho kabisa, chini ya jumla zote, anaandika maneno mawili yaleyale ambayo ameyaandika tangu nikiwa mtoto: "Mshindi" na mbele yake nukta mbili, kisha "Aliyeshindwa" na nukta mbili.

Mtauliza mbona sisi familia ya Ngara tunashabikia New Zealand. Tarehe 15 Oktoba 2000, Nairobi Gymkhana, fainali ya kombe la ICC, shirika la kriketi la dunia, India na New Zealand. Nilikuwa na miaka kumi, na Baba aliniingiza. Ganguly alipiga mikimbio 117, Tendulkar 69, India wakafika 264, na watu wote waliotuzunguka walikuwa wa India na walikuwa wanaimba. New Zealand wakaanguka mpaka wiketi tano kwa 132. Kisha Chris Cairns, goti lake bovu, akakaa pale. Yeye na Chris Harris wakaongeza 122. Cairns akamaliza na 102 bila kutolewa, zikiwa zimebaki mipira miwili tu. Baba alinibeba begani nione. Hilo ndilo kombe la kwanza la ICC kwa New Zealand, na mpaka fainali hii ya 2019 timu yao ya wanaume haikuwa na lingine, na walilichukulia hapa kwetu, umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Sasa mtaniambia niwaache?

Basi Jumapili Baba alikuja kwangu mapema na daftari lake na miwani. New Zealand 241 kwa wiketi nane. Mimi nikaona ni chache, yeye akasema pichi ile ni nzito, ngoja. Na kweli England wakafika 86 wakiwa wamepoteza wanne. Colin de Grandhomme wa New Zealand alikuwa anarusha taratibu tu na hakuna aliyeweza kumpiga. Ukurasa wa daftari ulijaa nukta kama mtu amemwaga mtama. Halafu Stokes na Buttler wa England wakaweka 110 pamoja, na nyumba ikanyamaza.

Ova ya mwisho, mipira sita. Boult wa New Zealand anarusha, England wanataka mikimbio 15. Mpira wa kwanza nukta. Wa pili nukta. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi, siwezi kukaa. Wa tatu Stokes akaupiga sita. Zikabaki tisa kwa mipira mitatu.

Wa nne ndio huo. Stokes aliupiga mbali, Guptill wa New Zealand akauokota karibu na kamba ya mpaka wa uwanja. Guptill huyuhuyu aliyemtoa Dhoni wa India kwenye nusu fainali kwa kulenga vijiti moja kwa moja! Akautupa vizuri sana. Stokes anarudi kwa mkimbio wa pili, anajitupa kifudifudi, amenyoosha gongo mbele, uso kwenye vumbi, hautazami mpira. Mpira ukagonga gongo lile. Ukachepuka. Ukaanza kuviringika kwenye nyasi tupu, hakuna mtu upande huo, mpaka kwenye kamba. Stokes akainua mikono yote miwili akiwa bado magotini, anaomba radhi. Waamuzi wakajadiliana, wakaonyesha sita.

Baba aliandika 2, kisha akaweka alama ya kujumlisha, kisha 4, na penseli ikavunjika ncha. Nilikimbia jikoni kuchukua kisu cha kuchongea, na niliporudi Rashid alikuwa ameshatolewa. Mpira wa mwisho Wood naye akatolewa akikimbia. 241 kwa 241.

Supa Ova, yaani kila timu ova moja ya kuamua: England 15. New Zealand, Neesham akapiga sita, mimi nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mpira wa mwisho walitaka mbili. Guptill tena. Akapata mmoja, akageuka, akakimbia kama mtu anayefuatwa na simba, na Buttler akavunja vijiti Guptill akiwa bado yuko mbali na mstari. 15 kwa 15.

Kisha wakasema England ndio mabingwa kwa sababu wamepiga baundari nyingi, yaani mipira iliyofika au kuvuka kamba, 26 kwa 17.

Baba aliandika 241, 241, 15, 15, moja chini ya nyingine, akazipigia mstari. Akaniangalia: "Hapa kwa aliyeshindwa niandike nani?" Nikamwambia, "New Zealand, Baba." Akauliza, "Wameshindwa na nani? Kwa ngapi?" Nikakosa la kusema. Amefunga daftari na ameondoka nalo.

Wenye kuzijua sheria nisaidieni. Ile sita ilikuwa halali? Na hii ya kuhesabu baundari ni haki kweli? Sijalala vizuri siku mbili, sitanii.

---

MwamuziWaJumamosi

Ndugu, msalimie mzee. Mtu anayeandika skoa kwa mkono miaka yote hiyo tunamhitaji kwenye ligi yetu, tunaandika vibaya sana.

Nianze na ile sita. Sheria ya 19.8 inasema hivi kwa ufupi: mtupo ukipitiliza mpaka kwenye baundari, wapigaji wanapewa zile nne, pamoja na mikimbio waliyokwisha kumaliza, na ule walioko katikati yake *iwapo walikuwa wameshapishana wakati mtupo unatoka mkononi*. Rudia kutazama picha. Guptill anapouachia mpira, Stokes na Rashid hawajapishana kwa ule wa pili. Kwa hiyo hesabu ni mmoja uliokamilika na nne, jumla tano. Na kuna la pili ambalo watu hawalisemi sana: kwa kuwa hawakuwa wamepishana, mpira uliofuata angeupokea Rashid, Stokes angekuwa upande wa pili. England wangetaka nne kwa mipira miwili, na gongo liko mkononi mwa Rashid.

Si mimi tu nasema. Simon Taufel, aliyekuwa mwamuzi bora wa mwaka mara tano mfululizo, amesema wazi kwamba ni kosa, ilipaswa kuwa tano.

Lakini nitawatetea Dharmasena na Erasmus, waamuzi wa Jumapili, kwa jambo moja, maana mimi husimama pale kila Jumamosi, jua la saa nane kichwani. Mtupo unatoka mita sitini kutoka kwako, upande mmoja. Wapigaji wanapishana upande mwingine. Macho ni mawili na yako mbele ya uso mmoja. Ukiangalia mkono wa mtupaji huoni miguu, ukiangalia miguu huoni mkono, na bado unatakiwa kuwa tayari kwa vijiti kuvunjwa. Mimi nimewahi kutoa uamuzi wa namna hiyo kwenye mechi ya vijana, na nilikisia. Nilikisia, halafu nikainua mkono kana kwamba nina hakika. Lilinikaa wiki nzima, na ilikuwa mechi ya watu thelathini wakitazama.

Kosa la Jumapili ni kwamba hakuna aliyewaruhusu kwenda kuangalia televisheni. Wanarudia picha mara kumi kuona kama gongo limegusa mstari, ila kwa hili hapana.

---

BintiWaMakadara

Kaka pole, lakini mimi nitakaa upande wa England na sitaona haya.

Kanuni ya baundari iliandikwa kwenye masharti ya mashindano kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Timu zote kumi zilikuwa nayo. Ni mbaya? Ndiyo, ni mbaya, nakubali kabisa. Ila huwezi kucheza wiki sita chini ya kanuni, halafu siku ya mwisho useme hukuiona.

Na kama ni bahati, tuhesabu yote. Ross Taylor wa New Zealand alihukumiwa auti, yaani ametolewa, kwa mpira wa Wood uliokuwa unapita juu ya vijiti, na Guptill alikuwa ameshaimaliza rivyu yao, nafasi ya kuomba uamuzi utazamwe upya, hilo liliwaumiza, kweli. Ova moja kabla ya ile ya mwisho, Boult alimdaka Stokes kule mpakani, mikono safi kabisa, halafu akarudi nyuma nusu hatua na kisigino kikagusa kamba. Sita. Hapo hakukuwa na mwamuzi wala kanuni wala gongo la mtu. Ni kisigino.

Sasa nikwambie kwa nini nililia. Huyu Stokes ndiye aliyekuwa Kolkata 2016, fainali ya dunia ya T20, kriketi ya ova ishirini, ova ya mwisho, West Indies wanataka 19. Carlos Brathwaite alimpiga sita, sita, sita, sita. Nne kwa mfuatano. Alichuchumaa pale pichini ameshika uso. Mimi nilikuwa naitazama nyumbani Mombasa na dada yangu, na tukasema huyu kijana ndio basi. Miaka mitatu baadaye anakaa mpaka mwisho na 84 bila kutolewa. Na Jofra Archer, miaka 24, ameanza kuichezea England mwezi wa tano tu mwaka huu, wanampa Supa Ova ya Kombe la Dunia! Mpira wa kwanza waidi, umeenda nje mno. Halafu anapigwa sita. Kijana angeweza kuvunjika pale pale, na hakuvunjika.

England walifika fainali 1979, 1987 na 1992 na wakarudi mikono mitupu mara zote tatu. Nao ni watu.

Swali la mzee lakini ni zuri. 1999 pale Edgbaston Australia na Afrika Kusini walifungana 213 kwa 213 kwenye nusu fainali, na Australia wakapita kwa sababu ya matokeo ya nyuma. Sidhani kama Afrika Kusini wamelimeza mpaka leo.

---

MzeeWaPangani

Wanangu, nimesoma yote. Hiyo namba 241 imenifanya nivue miwani.

Nyinyi wengi mlikuwa wadogo. Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, Kenya na Bangladesh. Sisi tulipiga kwanza. Steve Tikolo peke yake alipata 147. Jumla yetu ilikuwa ngapi? 241 kwa wiketi saba. Mwaliona hilo?

Mvua ikanyesha. Mechi ikalala, ikaendelea siku ya akiba, Jumapili tarehe 13, na uwanja ulikuwa umelowa. Wakapiga hesabu ya mvua: Bangladesh wapate 166 kwa ova 25. Na 166 ndiyo namba tuliyopiga Pune mwaka mmoja kabla yake, tarehe 29 Februari 1996, tukawafunga West Indies waliotolewa wote kwa 93. Namba ile tulikuwa tunaiimba mtaani. Ikageuka ikatung'ata.

Ova ya mwisho Bangladesh walitaka 11. Martin Suji anarusha. Mpira wa kwanza Khaled Mashud akapiga sita. Ikasongea, ikasongea, mpaka mpira wa mwisho kabisa, wanataka mmoja. Hasibul Hossain aliukosa kwa gongo, ukamgonga pedi ya mguuni, wakakimbia. Ndio huo. Hakuupiga. Mkimbio wa pedi.

Mimi sikuona wala kusikia. Nilijua Jumatatu asubuhi kwa muuza magazeti, pale stendi, nikiwa naenda kazini. Nililisoma nimesimama, matatu zikaja tatu zikaenda. Nilikuwa nawajua wale vijana. Kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, Odoyo, tuliwaona wakikua, wakicheza wikendi kwenye viwanja vya hapa mjini, ukimaliza mechi unakula nao chapati. Hao ndio walikuwa mpira mmoja kutoka kwenye kombe.

Kombe la Dunia la 1999 tulienda wote wawili, sisi na wao. Lakini Bangladesh walipokewa na nchi nzima barabarani, na mwaka 2000 wakapewa hadhi ya kucheza Test, zile mechi za siku tano. Sisi tulifika nusu fainali ya dunia 2003, tukacheza na India kule Durban, na baada ya 2011 hatujaonekana tena kwenye Kombe la Dunia. Sisemi ni ule mkimbio wa pedi uliotufikisha hapa. Kuna mengi, na mengi tulijifanyia wenyewe. Ila siku nikikosa usingizi huwa naurusha mpira ule upya kichwani, nausogeza inchi mbili mbali na mguu wake.

Mwambie baba yako kuna mzee Pangani anamwelewa. Muulize pia kama ana skoa za ligi ya Nairobi za miaka ya tisini. Nikipata hata moja yenye jina la Tikolo kwa mkono wake, nitaitia kwenye fremu.

---

MtotoWaNgara

Nimetoka kwa Baba sasa hivi, nimemsomea majibu yenu yote kwa sauti. Ya Mwamuzi alitaka nirudie. Aliposikia "tano" alifungua daftari, akaitafuta ile mraba ya 2+4, akaikodolea macho muda mrefu. Nilidhani ataifuta. Hakuifuta. Alisema skoa inaandikwa kama mwamuzi alivyoonyesha, si kama ilivyotakiwa kuwa, la sivyo kila mtu atakuwa na mechi yake nyumbani.

Dada wa Makadara, la kisigino cha Boult amekuunga mkono. Alisema, "Huyo binti anaangalia mpira." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Habari ya Stokes na Kolkata mimi nilikuwa nimeisahau kabisa, na nimeirudia kuitazama. Bado naumia, lakini yule mtu simchukii tena.

Mzee wa Pangani, ulipofika kwenye mkimbio wa pedi Baba alinyanyua mkono nisimame. Kumbe naye anaikumbuka. Siku ile ya Jumatatu alikuwa kazini anavuta rola, na alisema hakuna mtu aliyezungumza pale uwanjani mpaka saa ya chai. Skoa za miaka ya tisini anazo, ziko kwenye sanduku la mabati chini ya kitanda. Mbili zimeliwa na mchwa pembeni. Ana mechi tatu zenye Tikolo, moja ya mwaka 1996, na anasema uje Jumapili mle chakula cha mchana, ila daftari halitoki nyumbani, fremu utaweka nakala.

Halafu alichukua penseli. Alianza ukurasa wa kwanza wa Jumapili, ova ya kwanza, akazihesabu baundari zote kwa kidole, moja moja, timu zote mbili na Supa Ova zote mbili. Ilimchukua karibu nusu saa na chai ikapoa. Akapata 26. Akapata 17. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa, hawakudanganya.

Kwenye "Mshindi" ameandika: England.

Kwenye "Aliyeshindwa" ameziacha zile nukta mbili, hakuandika kitu mbele yake, akafunga daftari na kuniomba nimpashie chai.